Mke Wangu Alinipita Majini

Nianze kwa kukiri kwamba mimi naongea sana. Nalisema mapema kabla hamjalisikia kwa wengine, maana wengine watalisema bila adabu. Mtaani wananiita Redio. Nashona viatu kwenye chumba kidogo kinachotazama barabara, na mteja akija na kiatu kilichoachia soli, ataondoka na soli imeshika na habari za mtaa mzima juu yake. Mke wangu yeye hasemi. Ukimuuliza swali refu anakupa jibu la maneno mawili, na kama moja linatosha, la pili anajiwekea akiba. Miaka kumi na tisa tumeishi hivyo, mimi nikiongea kwa niaba ya watu wawili, na nyumba ilikuwa na amani.

Kwa hiyo mkisikia kwamba niliwahi kukaa wiki tatu bila kumsemesha mke wangu, mjue jambo lilikuwa zito. Nilikuwa nazama. Nikamwita. Akaniona, akanitambua, akanipita, akaenda kumwokoa mwanamume mwingine. Haya, ungekuwa wewe?

Mke wangu ni mlinzi wa waogeleaji kwenye bwawa kubwa linaloleta maji mjini. Hakai kwenye kiti cha juu ufukweni kama wale vijana wenye miwani ya jua. Yeye yuko humo humo majini, ndani ya kayaki, kale kamtumbwi kembamba ka plastiki ka kukalia mtu mmoja, na kasia lenye kibao huku na huku. Alianza pale kwa kufagia vyumba vya kubadilishia nguo. Siku moja mlinzi hakutokea, mkuu wao akawa anashika kichwa, mke wangu akaegemeza ufagio ukutani na kusema, "Naweza." Huo ndio ulikuwa usaili wake. Sasa ni mwaka wa kumi na moja.

Wenzake wanamwita Bi Ncha, na jina hilo alililipia. Mwaka wa kwanza alimfuata jamaa mmoja mnene aliyekuwa akihangaika, na kwa huruma ya mtu asiyejua akamwendea ubavu kwa ubavu, akampa mkono. Mfa maji haachi kutapatapa, ndivyo tunavyosema, ila hatusemi anamtapatapia nani. Yule bwana alishika ukingo wa kayaki kwa mikono miwili, akaipindua, mke wangu akaingia maji kichwa chini, na alipoibuka tu jamaa akampanda mabegani kama mtu anayepanda ngazi. Boti ya injini iliwatoa wote wawili wazima. Alirudi nyumbani na michubuko ya kucha shingoni. Nikawa nampaka mafuta huku nikimlaani yule bwana na ukoo wake wote.

"Kumbe ni ncha," akasema yeye.

"Ncha gani?"

"Unampa ncha."

Tangu siku hiyo mtu akitapatapa hampi ubavu wala mkono. Anasimama mbali kidogo, urefu wa kasia na zaidi, mahali ambapo huyo anayetapatapa hawezi kumfikia. Halafu anaongea kwa sauti ya chini, taratibu, kama anaagiza chumvi dukani: "Nitazame mimi. Lala chali. Piga miguu." Mtu akitii agizo moja, moja tu, anajua akili imerudi nyumbani, ndipo anamsogezea pua ya kayaki. "Shika ncha. Usishike ubavu." Akishika, anamvuta hivyo hivyo mpaka ufukweni, mtu kakumbatia ncha, uso wake anauona mbele yake muda wote. Asipotii, akimrukia, yeye anarudi nyuma pigo moja la kasia na kuanza upya. Watu waliosimama nchi kavu humtukana. "Msaidie, mama! Una roho gani wewe?" Hawajibu.

Haya nayajua kwa mwili wangu, kwa sababu mazoezi tulifanyia sebuleni. Yeye juu ya stuli na mpini wa ufagio, mimi juu ya zulia nikizama. Na nilikuwa nazama vizuri, nasema bila kujisifu. Binti yetu akirudi shule anamkuta baba yake sakafuni anapiga mateke hewani.

"Baba kafa tena?"

"Bado," mama yake anajibu. "Anabisha."

Ni katika mazoezi hayo aliponipa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisikia kinywani mwake. "Kelele ni pumzi," aliniambia. "Anayeita ana hewa, anaweza kusubiri. Aliyenyamaza ndiye wa kukimbiliwa. Yule haiti na wala hapungi mkono. Anakaa wima, kichwa nyuma, mdomo unazama na kutoka, anakandamiza maji kwa viganja. Ukimtazama kwa mbali utadhani anacheza. Ana dakika moja, pengine haifiki." Nilimpigia makofi. Sikujua kwamba siku moja maneno hayo yatanigeukia mwenyewe.

Walinzi wale wana sharti lao jingine, na hilo ndilo nililolivunja. Kila mwaka kuna siku ya kuvuka bwawa, ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Waogeleaji wanagawanywa makundi kwa rangi za kofia, kila kundi na kayaki yake. Sharti ni hili: ndugu yako haogelei kwenye kundi lako. Awe mume, mtoto, wifi, shemeji, anapelekwa rangi nyingine. Kabla watu hawajaingia majini, kila mlinzi anapitia orodha ya majina na kuweka sahihi kwamba humo hana mtu wake. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani wanazuia watu wasivutwe bure na jamaa zao.

Sasa, mwaka huo daktari alikuwa amenikemea juu ya goti langu na tumbo langu, akaniamuru niogelee. Nikajifunza kwa siri kwenye bwawa dogo la shule, Jumanne na Alhamisi asubuhi, mke wangu akijua nimekwenda kutafuta ngozi. Miezi saba! Mimi, Redio, nilitunza siri miezi saba mpaka mbavu zikaniuma. Mpango wangu ulikuwa nifike katikati ya maji, nivue miwani na kumwambia, "Mama watoto, habari za kazi?" Nimwone akicheka. Huyu mwanamke hacheki ovyo, na nikifanikiwa kumchekesha nashiba wiki nzima. Basi nikamwendea karani wa usajili, mteja wangu, nikamwomba aniweke kofia za njano, kundi la mke wangu, na kwenye orodha aandike jina la babu yangu mzaa mama, ambalo mke wangu halijui. Karani akacheka, akasema ama kweli mapenzi hayazeeki, akaandika.

Tulikuwa watu kumi na wawili wa kofia za njano. Nilijibanza nyuma, kofia imeficha upara, miwani imenifanya niwe kama chura, na yeye alipita mita chache kutoka kwangu bila kunijua. Nusu ya kwanza nilikwenda kama bata. Nikawa nalipanga lile neno langu la "habari za kazi", nilitamke vipi ili limchekeshe zaidi. Tulipofika katikati maji yalibadilika, juu vuguvugu na chini baridi ya kukata. Boti ya injini ikapita mbali ikikimbilia kundi jingine, na wimbi lake likanikuta mdomo wazi. Mdomo wangu uko wazi muda mwingi, hilo nimeshasema. Nikameza. Nikakohoa, nikameza tena, miguu ikashuka, nikaitafuta ardhi kwa vidole, ardhi haipo. Jamani, nilikiona cha mtema kuni. Yale yote niliyozama kwenye zulia yalifutika kichwani.

Nikapiga kelele. "Mama watoto! Ni mimi! Ni mume wako! Nakufa!"

Boya lake la akiba alikuwa ameshampa mama mmoja aliyebanwa na msuli, kwa hiyo hakuwa na cha kunitupia. Aligeuka. Nilikuwa nimeng'oa miwani na kofia, na upara wangu anaujua. Niliona uso wake ukibadilika. Kasia likasimama hewani. Kisha akatazama ng'ambo yangu kidogo, mkono wa kushoto, nami sikuwa na haja ya kujua kuna nini huko. Akapiga kasia kwa nguvu, akaja moja kwa moja upande wangu, nikanyoosha mikono yote miwili kumpokea, na akanikwepa. Alinikwepa kama dereva anavyokwepa shimo!

"Lala chali," akasema akipita. "Tazama juu. Nakuja."

Na kweli akaenda zake.

Nilimtukana. Siyarudii hapa, kuna watu wazima wanasoma. Nilimtukana yeye, nikaitukana kayaki, nikamkumbusha siku ya harusi na viapo vyake. Halafu nguvu zikaniishia, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya tena, nikalala chali katikati ya tusi. Masikio yakazama, dunia nzima ikazimika. Nikatazama juu. Mwili ukaelea, na mimi siamini. Nikanyamaza kabisa, nikavuta pumzi moja, nikavuta ya pili, nikaona kumbe nitaishi. Kisha maji yakaniingia puani, nikapiga chafya, nikakohoa, na kuendelea na matusi pale nilipoishia.

Huyo mwingine alikuwa fundi saa, mtu mwembamba, mpole, ambaye hakuwa ametoa sauti hata moja. Boti ya injini ilimchukua yeye kwanza. Ndipo mke wangu akanijia, akanisogezea ncha, nikashika ncha. Alinivuta mpaka ufukweni tukiwa tumetazamana njia nzima.

Ufukweni walimpigia makofi. Mtaani wakanianza mimi. "Redio," muuza magazeti akanipigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara, "nasikia mkeo kabadilisha stesheni!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka, maana ukitaniwa ukanuna umekwisha. Lakini nilikuwa naumia, na kicheko chao hakikuwa sababu. Nilitaka kujua kama mwanamke huyu aliniacha nife. Hilo tu. Nilimuuliza mara moja, siku ile ile, jikoni.

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukanipita."

"Ulikuwa unapiga kelele."

Basi. Hakunipa pole wala hakuniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye kundi lake. Nikasema moyoni, kumbe. Wanasema damu ni nzito kuliko maji, na mke na mume si damu, basi ndiyo maana maji yamenishinda.

Nikanuna. Nikawa naongea kazini mpaka koo linakauka, nikifika mlangoni nazima. Akiniwekea chakula, nakula, naosha mikono, nageukia ukuta. Binti yetu alipopiga simu kutoka chuoni akamuuliza mama yake kama nimeugua. Mke wangu naye akaanza kukonda. Anapika, hali. Mara kadhaa niliamka alfajiri nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameniinamia, ananitazama. Nikajigeuza. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilisema dhamiri inamsuta, na imsute vizuri.

Jumapili ya tatu, mchana, mlango ukabishwa. Alikuwa fundi saa na mkewe, na saa ya ukutani imefungwa kwenye kitambaa, zawadi yao kwa mke wangu. Yeye aliwakaribisha kwa macho ya chini, akakimbilia jikoni kuandaa chai. Mke wa fundi saa, mwanamke mwenye sauti nzito na mkoba mkubwa, alishukuru mpaka akalia. Alisema mumewe alilazwa siku nne, alisema wana watoto watatu. Mimi nikasikiliza, nyongo inapanda.

"Na mimi mnishukuru basi," nikasema. "Mimi ndiye niliyerukwa ili mwenzangu apate zamu."

Fundi saa alitabasamu kidogo, kisha akaanza kujishika kifundo cha mkono.

"Shemeji," akaniambia, "kuna kitu kinanisumbua. Nikimwambia mke wangu anasema ni homa ya hospitali. Nakumbuka dada alinishika hapa, akanilaza mkono juu ya kayaki, nikaanza kupata hewa. Halafu akaniachia. Nikashuka tena. Naiona kayaki kwa chini, nyekundu. Ndipo mkono ukanifuata humo humo majini. Niliota, siyo?"

"Hukuota."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Aliliweka mezani taratibu, vikombe vinagongana, akabaki amesimama.

"Nilikuachia," akasema.

"Alikuwa anakuvuta?" mke wa fundi saa akauliza. "Alitaka kukupindua?"

"Hapana. Alikuwa ameshalegea. Ningeweza kumshika mpaka boti ifike." Kisha akaninyooshea kidole mimi. "Huyu alinyamaza."

Fundi saa aliacha kujishika kifundo.

"Nilikuwa nimempa mgongo," akaendelea, na sijawahi kumsikia akitoa maneno mengi hivyo nje ya yale mazoezi yetu. "Nilikuwa namsikia. Kila tusi nililisikia, nikawa nalishukuru. Nasema huyu ana pumzi, bado ana pumzi. Napuliza filimbi, nimekushika, namsikiliza yeye. Mara kimya. Miaka kumi na tisa sijamsikia mtu huyu ananyamaza katikati ya neno. Hata usingizini anaongea. Nikajua amekwenda. Sikufikiri chochote. Nilikuachia mkono, nikageuza kayaki."

"Kwa muda gani?" fundi saa akauliza, kwa upole ule ule.

"Sekunde nne. Tano. Nikasikia anapiga chafya. Nikarudi, wewe juu hupo. Niliingiza mkono mpaka bega, nikapata vidole vyako." Akavuta pumzi. "Nilimwambia mkuu wetu. Akasema wote wawili wako hai, nisimpotezee muda. Lakini wewe ulikuwa hujaambiwa."

Mke wa fundi saa alisimama, akachukua mkoba wake. "Mume wangu alikuwa mkononi mwako."

"Ndiyo."

"Umemshika kabisa, ukamwachia."

"Ndiyo, dada."

"Twende," akamwambia mumewe, akatoka bila kugusa chai. Simlaumu hata kidogo.

Fundi saa alibaki ameketi, ananitazama mimi. "Na wewe, shemeji, ulinyamaza kwa nini?"

"Aliniambia nilale chali," nikasema. "Nikamtii."

Akatikisa kichwa polepole. Ndipo nikasikia aibu, aibu ya kweli, ya kunipanda kutoka miguuni. "Ndugu yangu," nikamwambia, "wala sikutakiwa kuwepo pale. Walinzi hawaruhusiwi kuwa na mtu wao kundini, na sasa ndiyo naelewa kwa nini. Nilijipenyeza kwa jina la uongo. Nilitaka kumchekesha mke wangu, hilo tu. Kosa si lake. Hizo sekunde zako nidai mimi."

Aliinuka, akapita mbele ya mke wangu, akamshika mkono, akakaa nao kitambo. "Ulirudi," akamwambia, kisha akamfuata mkewe nje.

Tukabaki wawili. Lile neno nililokuwa nalingoja wiki tatu nilikuwa nimelisikia, mbele ya mashahidi. Mke wangu alinichagua. Aliufungua mkono wake akamwachia baba wa watoto watatu azame, kwa ajili yangu, kwa sababu ya kimya changu cha sekunde nne. Na nilipolipata neno lenyewe sikulitaka tena. Nilitamani tu ningebaki siku hiyo kwenye viatu vyangu. Nikafungua mdomo, haukutoka mlio. Mimi!

"Sema kitu," mke wangu akasema.

Sikuweza.

"Baba watoto, sema kitu. Wiki tatu umeninyamazia. Kila alfajiri naamka nakuinamia nisikie kama unapumua. Nitukane ukitaka. Usininyamazie tu, nakuomba."

Nikaanza kuongea. La maana sikuwa nalo, kwa hiyo nilianza na kiatu cha mwalimu wa hesabu kilichotafunwa na mbwa, nikaingia kwenye gundi mpya isiyoshika, nikasema nisamehe mke wangu, nikarudi kwenye gundi, machozi yananitoka, naendelea tu. Yeye akaketi pale chini kwenye zulia, akaegemeza kichwa kwenye goti langu bovu, akafumba macho. Kila niliposita kumeza mate aliubana mguu wangu, nami nikaendelea kuongea.